Kufunga kuni za kuuza bila nailoni, kwa wenzangu wa Dodoma

Naulizwa sana na watu wanaoanza biashara ya kuni hapa mjini, eti we unafungia nini mbona mafungu yako yanapendeza na hayana nailoni, nikaona bora niandike mara moja kuliko kila siku naimba wimbo uleule kwenye simu mpaka salio linaisha.

Mi nauza rejareja, Nkuhungu huku. Wateja wangu ni mama lishe, wachoma nyama, wenye misiba na sherehe, na siku hizi wameongezeka hawa watu wa ofisini waliohamia Dodoma na serikali, jumamosi wanataka kuchoma mbuzi nyuma ya nyumba. Mama lishe hana shida, anakuja na kanga yake anakunja kata anatwika anaondoka. Shida ni yule mwenye gari, anafungua buti lake safi anaangalia kuni anaangalia zulia la buti, anakuuliza "bosi huna mfuko wa kuwekea?" Hapo ndo wengi wanapokimbilia nailoni au kiroba na hapo ndo makosa yanapoanza.

Kwanza sheria, nipite haraka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Ukikutwa nayo tu, faini ni kuanzia elfu 30 mpaka laki 2, au ndani siku zisizozidi saba, au vyote. Ukikutwa unauza ni laki 1 mpaka laki 5 au miezi isiyozidi mitatu. Sasa fungu moja la kuni unapata faida ya shilingi ngapi mpaka ucheze na laki? Halafu jingine, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshakatazwa kutumia kuni na mkaa, na ule mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Maana yake zile fuso za kuni za kumwaga shuleni zinaelekea ukingoni, tutakaobaki ni sisi wa mafungu madogo kwa mtu anayetaka moto wa siku moja, na huyo ndo anaangalia kifungashio. (Vibali vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, sivigusi hapa, ila usajili wako na hati ya kusafirishia viwe sawa, kamba nzuri haitakuokoa kwenye kizuizi.)

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mi nina kipimo kimoja tu cha kifungashio cha kuni, najiuliza hivi: mteja akikitupa motoni pamoja na kuni zenyewe itakuwaje? Kwa sababu ndivyo atakavyofanya, usijidanganye, hakuna mtu anayefungua fungu la kuni akatembea na kamba mpaka kwenye pipa la taka. Anaitupa hapohapo jikoni. Kama ni kitu kitakachoungua kama jani kavu, sawa. Kama kitayeyuka na kutoa moshi mweusi chini ya nyama ya mtu, basi hicho si kifungashio cha kuni hata kama kinauzwa bei ya bure.

Nilijifunza kwa kuumia. Nilinunua roli la kamba kwenye duka moja mjini, muuzaji akaniambia hii katani kaka, rangi ni ileile ya maziwa yaliyochacha, hata nyuzinyuzi zinatoka. Nikafungia mafungu kama thelathini. Jioni naota moto na vijana nikarusha kipande, kikajikunja kama mnyoo, kikaanza kudondosha matone yenye moto, tone moja likatua kwenye ndala yangu likatoboa. Harufu kama ya beseni linaungua. Kumbe ni plastiki imesokotwa kuiga katani. Tangu siku hiyo sinunui roli kabla sijachoma kipande cha urefu wa kidole mbele ya muuzaji mwenyewe. Katani ya kweli inashika moto kama karatasi, inanukia majani, inabaki majivu ya kijivu unayafikicha yanapotea. Ya kuiga inajikunja, inadondosha, ikipoa inabaki na kigololi kigumu cheusi ambacho hakivunjiki kwa kucha. Kiberiti bei gani? Tembea nacho.

Kabla hujanunua hata hiyo kamba lakini, kausha kuni. Narudia kausha. Ukuni mbichi unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ukishafunga halafu ukaendelea kukauka ukiwa umefungwa, unanywea, kamba inabaki inacheza kama mkanda wa babu. Nina mteja wangu wa kitimoto, fungu lilimfungukia kwenye bodaboda karibu na Sabasaba, kuni zikatawanyika barabarani, daladala zinapiga honi, akanipigia simu maneno aliyonitolea siyaandiki. Kosa langu, nilifunga mkaratusi uliopasuliwa wiki mbili tu. Siku hizi napasua kuanzia mwezi wa tano mvua zikiisha, napanga kwenye kichanja upepo unapita pande zote, na bahati nzuri upepo na jua la Dodoma havihitaji kuombwa. Ukigonganisha kuni mbili zikalia kwa sauti kali kama mbao na ukaona nyufa kwenye ncha, hapo funga. Zikilia bubu, subiri.

Na hii ndo sababu nasema hata kama sheria isingekuwepo nailoni haifai kwa kuni. Kuni zinataka kupumua. Ukizifunga kwenye kitu kisichopitisha hewa, ule unyevu uliobaki unatoka unakosa pa kwenda, baada ya siku kadhaa unafungua unakuta utandu mweupe wa ukungu, mteja anakwambia umemuuzia kuni zilizooza.

Haya, kamba. Katani iko, inalimwa nchini hapahapa, Tanga na Morogoro hapo jirani, na Dodoma inafika kwenye maduka ya kamba na pembejeo. Mi natumia ile nyembamba ya kufungia, siyo nene ya kufungia ng'ombe, nene ni hasara na fundo lake halikazi. Fungu langu lina upana wa sentimita 30 na kuni zina urefu wa 40, nafunga sehemu mbili, kila sehemu inakula kama mita 1.2 pamoja na fundo, jumla 2.4. Kwa hiyo roli la mita 100 linanipa mafungu 41. Chukua bei uliyonunulia gawa kwa 41, hiyo ndo gharama ya kufunga, iweke kwenye bei ya fungu. Watu wengi wanalia katani ni ghali kuliko manila, ile kamba ya plastiki, bila kupiga hii hesabu, ukiipiga unakuta tofauti kwenye fungu moja ni hela ya pipi.

Ukiwa kijijini unaweza usinunue kabisa. Mkonge umejaa kwenye nyua za watu kama uzio tu. Omba majani ya chini yaliyokomaa, yachane vipande virefu, yalaze kwenye gogo uyaparue kwa mgongo wa panga mpaka nyama ya kijani itoke yabaki nyuzi, suuza, anika. Vaa shati la mikono mirefu, yale maji yake yanawasha karibu kama upupu. Ila usitegemee utajiri, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kilo 10 za majani hazikupi hata nusu kilo. Ni kazi ya kufanya wakati wa kiangazi huna kingine.

Halafu kuna kamba ya mbuyu. Hii nimefundishwa na bibi mmoja wa Mvumi ambaye namnunulia mpaka leo. Anabandua gome upande mmoja wa mbuyu, analipondaponda, anatoa ile ya ndani laini, anasokota pajani huku anakusimulia habari za mjukuu wake aliyeko Dar. Nilimuuliza bibi huu mti haufi? Akacheka, "Mjukuu wangu, mbuyu huu ulichunwa na mama yangu, we unaona umekufa?" Na kweli mbuyu unarudisha gome lake, ukitazama mibuyu mingi huku utaona shina lina makovu kama mikunjo ya tembo huku chini, na juu ni laini. Lakini usichukue somo hilo ukaenda nalo kwenye miyombo, kamba ya gome la mwombo ni tamu kufungia lakini ukiuchuna mti kuzunguka shina lote umeuua, na utakuwa umeua mti mzima ili ufunge mafungu kumi. Hiyo mi siiungi mkono hata kidogo.

Mpira wa tyubu? Najua wengi mnafungia nao, unavutika, unakaza vizuri, haukatiki. Kwa mzigo unaotoka porini mpaka banda lako sawa, utumie miaka. Kumpa mteja hapana, utaishia motoni na moshi wa mpira unaujua. Waya wa kufungia nondo vilevile, hauungui lakini unabaki kwenye majivu, kesho mama anazoa majivu kwa mkono unamchoma.

Sasa kitu ninachojivunia, pete. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia nikatie nondo ya milimita 6 vipande vya mita moja moja, akaikunja duara akachomelea. Mita moja inatoa pete yenye upana wa sentimita 30, na kipande kidogo kinabaki cha kupishana ncha, kwa hiyo nondo ya mita 12 inatoa pete 12. Unaweka pete mbili wima kwenye kifremu cha mbao, unajaza kuni katikati mpaka mkono haupiti, kuni ya mwisho unaigongea kwa nyundo kama kabari. Hapo fungu limejikaza lenyewe, halihitaji kamba hata moja. Kuni za mgunga zilizokauka vizuri kwa saizi hiyo zinakuja kilo kumi na kitu, mtu anabeba kwa mkono mmoja.

Faida yake kubwa ni kwamba pete ni kipimo. Zamani wateja walikuwa wananigombeza "jana fungu lilikuwa kubwa leo umepunguza", na ukweli ni kwamba mkono haupimi sawa asubuhi na jioni ukiwa umechoka. Pete haichoki. Mteja wa kila siku anaacha hela ya pete kama tulivyokuwa tunaacha hela ya chupa ya soda, akirudisha anachukua fungu lingine kwa bei ya kuni tu. Wachoma nyama watatu nafanya nao hivyo, naandika kwenye daftari jina na idadi ya pete. Wapo waliopotea nazo, ndio, moja niliikuta mtoto anaiendesha kwa kijiti barabarani kama gurudumu, nikamwachia. Kwa mgeni anayepita mara moja usimpe pete, mfungie kwa katani aende zake.

Kwa yule wa buti safi nina vitu viwili. Cha kwanza ni boksi. Maduka ya jumla yanatupa maboksi kila siku, ya sabuni, ya mafuta, ya biskuti, ongea na kijana wa dukani akuwekee. Kuni fupi za sentimita 30 zinakaa humo vizuri, boksi halina gharama na linaungua. Toa tu selotepu zile, ni plastiki. Usichukue boksi lenye nta linalong'aa wala lililobeba dawa za shamba, hilo la pili usiliguse kabisa.

Cha pili ni mfuko wa saruji. Dodoma hii kila kona kuna ujenzi, Mtumba, Ihumwa, Nala, mifuko inatupwa au inachomwa tu. Chana pembeni kwanza uangalie, mingine ni karatasi tupu tabaka mbili tatu, mingine ni ya plastiki iliyofumwa, hiyo ya pili iache. Ya karatasi ikung'ute vizuri ukiwa umefunga kitambaa puani maana vumbi la saruji linaunguza mikono na kifua, tupa tabaka la ndani lililoshika saruji, baki na la nje. Geuza ndani nje, kunja kitako, gundisha kwa gundi ya unga wa ngano, unakoroga kama uji mzito unapaka ikiwa ya moto. Kwenye mfuko kama huo mi siweki kuni kubwa, naweka vijiti vya kuwashia na maranda kutoka kwa maseremala, nauza pembeni kama seti na fungu. Angalizo, panya wanaipenda ile gundi kuliko wewe unavyopenda wali, usihifadhi mifuko mingi banda lenye panya, tengeneza ya wiki moja.

Gunia la katani au juti ni zuri, linapumua, linadumu, ila kwa bei yake usimpe mteja liende moja kwa moja, liwe la kurudisha. Matenga nayo vilevile, yale ya nyanya au ya kuku, nawapelekea wenye shughuli. Mtu ana msiba au kipaimara anataka kuni za sufuria kubwa, namletea matenga matano kwa guta, kesho yake kijana anayafuata. Mwenye shughuli anafurahi uwanja wake haujajaa takataka, na tenga moja nalitumia mwaka na zaidi likitunzwa, lisikae kwenye maji.

Kiroba, au salfeti wengine mnavyoita, hapa nitagombana na watu. Hakijakatazwa kama ile mifuko, najua, na ni rahisi kupatikana, pale Kibaigwa kwenye mahindi vipo kwa mamia. Lakini ni plastiki, na jua letu linakila. Nilikuwa navitumia, miezi michache tu nje ukikishika kinasagika mkononi, nyuzi nyeupe zimezagaa uani, mbuzi wa jirani wakawa wanazitafuna. Jirani yangu alichinja mmoja akakuta tumboni donge la nyuzi kama ngumi, akaja kunionesha bila kusema kitu, akaliweka tu mezani pangu. Niliacha. Kama unavyo tayari vitumie ndani ya banda, kivulini, mpaka viishe, usimpe mteja. Zile neti nyekundu za vitunguu nazo ni hivyohivyo, zinapumua kweli na kuni zinaonekana vizuri, lakini choma kipande uone.

Kikadi. Usiweke stika, kata kipande cha boksi saizi ya kiganja, toboa, funga na kamba ileile. Andika kwa peni ya maka au tengeneza mhuri: aina ya mti, mwezi uliopasua, namba ya simu. Kwangu inasomeka hivi, "MLUSINA, imepasuliwa Juni". Utashangaa watu wanavyoamini kitu kilichoandikwa tarehe. Na kwa mchoma nyama aina ya mti ni jambo kubwa, mgunga unatoa makaa mazito yanayokaa, mlusina unawaka haraka, na mabanzi ya msonobari yanayokuja na mbao za Mafinga yana utomvu, yafaa kuwashia lakini ukiyachomea nyama inatoka na masizi. Mbao zenye rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa usiuze kabisa kwa mtu anayepikia.

La mwisho ni kutunza, maana hivi vitu vyote vinavyooza vina adui wawili, mchwa na mvua. Mchwa wa Dodoma anakula katani, boksi, tenga na kuni yenyewe kwa usiku mmoja. Usiku usiweke fungu chini hata kwa muda wa saa moja, inua juu ya tofali au paleti, acha nafasi mkono upite chini, mwaga majivu kuzunguka miguu na uyabadilishe yakilowa, kagua kila asubuhi ukiona njia ya udongo inapanda ibomoe hapohapo. Mvua ikianza Desemba funika juu tu kwa bati, pembeni paachwe wazi, na usifunge mafungu mengi kwa pamoja, katani ikilowa ikakauka ikalowa tena inaoza kwenye fundo. Mi kipindi cha mvua nafunga mafungu ya siku mbili tu, kuni zingine zinakaa kwenye kichanja bila kamba, na roli la katani linalala ndani chumbani kwangu kwenye ndoo yenye mfuniko, mke wangu ameshachoka kusema.